Gitaa la Mtu wa Kwenye Kioo

Jumatano, tarehe tisa Agosti. Asubuhi ukungu mwepesi, kisha jua kali, na upepo wa kutosha kuokota vumbi la barabarani na kulimwaga milangoni.

Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mikononi fundi viatu alipoingia, akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu, na kusema kama mtu anayetaja bei ya sabuni:

"Lile gitaa jekundu la rafiki yako nimeliona. Limetundikwa kwa muuza redio kuukuu, katikati ya pasi na feni."

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Lenye kona iliyobanduka rangi?"

"Hilohilo. Nilikwenda kutafuta betri, nikaliona limening'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba."

Kinyozi akaiwasha mashine tena, akamaliza kichwa kile haraka kuliko kichwa chochote alichowahi kunyoa, akapangusa shingo ya mteja kwa brashi, akakung'uta kitambaa na kukitundika msumarini. Kisha akawageukia waliokuwa kwenye benchi.

"Jamani, nafunga."

"Unafunga nini?" fundi viatu akashangaa. "Ndiyo kwanza nimekaa."

"Njoo kesho."

"Kesho nywele zitakuwa zimefika mabegani."

"Una upara, jirani."

"Basi ndevu! Ndevu nazo hazina haki?"

Lakini kinyozi alikuwa tayari ameshika kufuli.

Mtaa mzima unamwita kinyozi huyu Shoto, kwa mkono anaofanyia kazi, na yeye huitika. Hakuitwa hivyo tangu utotoni, maana utotoni mkono huo haukuruhusiwa kuonekana. Mama yake, mwanamke mpole kwa mambo mengine yote, alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula na wakati wa kuandika, akiubana mwilini kama mtoto anayebebwa. Hakumfokea. Alikaza fundo, akampapasa kichwa, na kumwambia, "Utazoea, baba." Akazoea. Mpaka leo anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa mkono wa kulia, na mgeni akiingia humpa mkono wa kulia kama watu wote.

Mkasi ndio uliokataa. Bwana aliyemfundisha kazi alikitazama kichwa cha kwanza alichokikata kwa mkono wa kulia, akazunguka kukiona upande wa pili, akashusha pumzi. "Mwanangu," akamwambia, "hebu kata kwa mkono wako. Huyu mtu hajatukosea kitu." Siku hiyo mkono wa kushoto ulifunguliwa, na haujapumzika tangu hapo. Wateja wapya bado hushtuka wembe unapowajia kutoka upande wasioutarajia, kisha hunyamaza, kwa sababu hajawahi kumjeruhi mtu.

Bwana yule alimpa na amri moja: ukishika chombo chenye makali, usigeuze shingo. Macho yawe kichwani mwa mteja au kwenye kioo. Ukiitwa, itikia kupitia kioo. Ukitukanwa, tukana kupitia kioo. Ndivyo alivyoishi. Duka lake ni chumba kimoja chembamba: mlango, benchi ukutani, kiti cha kuzunguka katikati, na mbele yake kioo kikubwa kinachochukua karibu ukuta mzima. Ukikaa kwenye benchi unaona mgongo wake, na usoni mwa kioo unamwona anakutazama. Wengi wetu tumezungumza na kinyozi huyu miaka mingi bila yeye kutugeukia.

Ndivyo alivyozungumza pia na mpiga gitaa.

Huyo alikuwa mtu wa bendi ya harusi, mrefu, mwenye kikohozi kidogo na viatu vilivyong'arishwa sana. Alikuja kila mwisho wa juma kunyoa ndevu kabla ya shughuli, na gitaa lake jekundu la umeme. Alikaa pembeni kabisa mwa benchi, akalilaza pajani, na kulipiga hivyohivyo bila spika. Gitaa la umeme likiwa halijaunganishwa halitoi sauti ya maana. Ni kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Kwa hiyo mpiga gitaa alipoingia, kinyozi alizima mashine na kuchukua mkasi, ili asikie. Wateja wa saa hizo walinyolewa polepole sana. Aliyekuja kupunguziwa tu aliondoka ametengenezwa kama bwana harusi, kwa bei ileile.

Kilikuwa kipande kimoja tu. Kilianza chini, kikapanda taratibu, kikageuka mahali fulani kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, kikarudi. Kinyozi hakuwahi kukisikia mpaka mwisho, kwa sababu kabla ya mwisho zamu ya mpiga gitaa ilifika, na yeye mwenyewe kinyozi ndiye aliyelazimika kusema, "Karibu kitini." Mara nyingine aliwapitisha wengine mbele. "Huyu ana haraka," alisema, akimwonyesha mzee aliyekuwa amesinzia. Mpiga gitaa hakulalamika, akaanza upya.

Na katika kioo, macho ya kinyozi hayakuacha ile mikono. Mkono uliochezea nyuzi ulikuwa wa kushoto. Aliuona waziwazi, wiki baada ya wiki: shingo ya gitaa imeelekea huku, mkono wa kupigia uko kule, kama ambavyo yeye mwenyewe angelishika. Mtu mzima, mwenye heshima, anayealikwa harusini na kulipwa, na mkono wake ni ule ule uliofungwa kitambaa.

Hakumuuliza. Alipokuja kuulizwa baadaye kwa nini hakumuuliza, alisema mtu wa shoto hamuulizi mwenzake. Ukimwona mnajuana, inatosha.

Kisha bendi ikavunjika, na mpiga gitaa akahamia mji mwingine kufuata kazi. Alikuja kuaga bila gitaa. Kinyozi akamnyoa kwa uangalifu mkubwa na hakutaka malipo. Tangu siku hiyo alikuwa akipiga mluzi kile kipande akifagia nywele, mpaka pale kinapogeuka. Hapo alinyamaza, akaendelea kufagia. Mkewe anasema hata usingizini vidole vya mkono wake wa kushoto hucheza juu ya shuka, "kama mtu anayetafuta chawa."

Sasa gitaa limetundikwa kwa muuza redio. La bei nafuu, kwa sababu ni kuukuu. La mkono wake, kwa sababu lilikuwa la mwenzake. Njia nzima alitembea kama mtu aliyeitwa hospitalini kuona mtoto aliyezaliwa.

Duka la muuza redio kuukuu halina nafasi ya kugeukia. Redio zimepangwa mpaka darini, nyingine hazina mgongo, na mwenyewe hukaa katikati yao na chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya, kinachofuka moshi. Alilishusha gitaa kwa fimbo, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Shika mwenyewe, kaka. Kitufe kimoja cha sauti kimekufa, kingine kizima. Nyuzi ni mpya, nimeweka mimi."

Kinyozi akalipokea kwa mikono miwili. Akaugusa ule ubandukaji wa rangi kwenye kona, ambao alikuwa ameuona kwa mbali tu. Akavaa mkanda begani, shingo ya gitaa ikiwa kulia kwake, mkono wa kushoto tayari kwenye nyuzi.

Kuna kitu hakikuwa sawa. Vitufe vya sauti vilikuwa juu, vikimkwaruza mkono. Uzi mnene, ambao ulitakiwa kuwa juu, ulikuwa chini. Ubavu uliokatwa ili vidole vifike mbali ulikuwa upande ambao havikuuhitaji. Lilikaa tumboni mwake kama shati lililovaliwa nyuma mbele.

"Hili silo," akasema.

"Silo nini?"

"Silo lake. Lake ni la shoto."

Muuza redio akacheka. "Kaka, shoto ni wewe. Hili ni gitaa la kawaida, la mkono wa kulia. Sijawahi kuingiza la shoto humu, na sijui mtu aliyewahi."

"Mimi nimeliona likipigwa. Miaka! Shingo ilielekea huku." Akanyoosha mkono kuonyesha. "Umelibadilisha."

"Nimebadilisha mbao? Mimi ni fundi redio, si mchawi." Muuza redio alianza kukasirika, kisha akaona uso wa mwenzake, hasira ikamwisha. "Sikia. Mwenyewe aliniachia nimuuzie, na bei lazima nimuulize. Tumpigie, umsikie kwa masikio yako."

Simu yake ilikuwa imekufa spika ya sikioni, hivyo mazungumzo yake yote yalikuwa ya hadhara. Ikaita. Kikohozi kidogo kikaitika; muuza redio akamwambia kinyozi yuko hapa analitaka gitaa, kisha ikaja sauti.

"Kinyozi! Bado unaninyima zamu?"

Kinyozi alisahau salamu. "Bwana, samahani. Nina swali moja. Wewe si mtu wa shoto?"

"Mimi? Tangu lini?"

"Gitaa. Unalipiga kwa mkono wa kushoto."

"Napiga kwa kulia, ndugu yangu. Kama mwalimu wangu, na kama mwalimu wake. Nani kakwambia…" Sauti ikakatika. Ilipita pikipiki nje, muuza redio akapuliza moshi wa risasi. Kisha yule wa simuni akasema taratibu, "Ulikuwa unaniona kwenye kioo."

Kinyozi akauvua mkanda begani.

"Hukuwahi kugeuka," sauti ikaendelea. "Nilidhani ni madaha tu ya vinyozi."

"Nilikuwa na wembe," kinyozi akasema.

Akaliweka gitaa juu ya rundo la redio. Muuza redio anasema hakuwahi kumwona mtu akiweka kitu chini kwa upole namna ile, na kwamba alijua biashara imekufa. Kinyozi alikuwa amekwisha kuugeukia mlango. Ni pale mlangoni aliposimama, akarudi hatua moja, akainama karibu na simu.

"Na kile kipande? Kinaishaje?"

"Kipande gani?"

Kwa hiyo akalazimika kukiimba. Mtu mzima wa makamo, ndani ya duka la redio mbovu, akaanza chini, akapanda taratibu, akafika pale kinapogeuka kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, akanyamaza.

"Ah, hicho," ikasema simu. "Hicho si wimbo. Nilikuwa napasha vidole moto tu, kila siku hivyohivyo. Hakina mwisho." Kikohozi. "Hebu kiimbe tena."

Akakiimba tena. Safari hii upande wa pili ulimsikiliza mpaka alipomaliza.

"Lichukue," mpiga gitaa akasema hatimaye. "Mpe huyo fundi kitu kidogo kwa kulihifadhi, sisi tutaelewana. Ligeuze, ubadilishe nyuzi, ile nene iwe juu. Vitufe vitakusumbua, uvivumilie. Au jifunze tu kwa kulia. Mwanzoni mkono wowote ni mjinga."

"Kwa kulia," kinyozi akarudia.

"Wengi wa shoto hufanya hivyo. Utazoea."

Neno hilo la mwisho alikuwa amelisikia zamani, na kwa upole uleule. Akamshukuru, akampa muuza redio kitu chake, akalipakata gitaa kifuani, na kutoka nalo kwenye upepo.

Nyumbani mkewe alikuwa akianika nguo, na binti yao, anayetengeneza simu karibu na stendi, alikuwa amerudi mapema kwa sababu umeme ulikatika kazini. Wote wawili walilitazama gitaa, kisha wakamtazama yeye, wakangoja aseme. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akalivaa kwa mkono wa kulia, namna linavyotaka lenyewe, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi.

"Ndilo hili?" mkewe akasema. "Mbona linanong'ona? Lina siri gani?"

"La umeme. Halijaunganishwa."

"Kumbe. Nikadhani nalo limeogopa wakwe."

Hakucheka. Akajaribu tena kwa mkono wa kulia. Mkono ulikwenda pale alipouambia na ukakaa hapo, mtiifu, kama unavyokaa kwenye kalamu na kwenye sahani, bila kutaka chochote. Wa kushoto, uliotakiwa kubana nyuzi shingoni, uliendelea kuteleza kurudi tumboni, ukitafuta kazi ya mwenzake. Akawaeleza yaliyotokea. Aliyaeleza yote, na kioo.

Binti akajaribu kujizuia, akashindwa. "Baba! Wewe? Maisha yako yote mbele ya kioo, hujui kioo kinageuza mtu? Wateja hukosei sikio hata siku moja!"

"Kichwa cha mteja nakishika," akasema. "Sikio liko mkononi, nitalikosaje? Yule sikumshika. Yule nilikuwa nazungumza naye."

Binti akaacha kucheka. Mkewe akalibana shati la mwisho kambani, akaja kukaa ngazi ya chini yake, mgongo ukiegemea goti lake.

"Sasa, baba watoto, kwa hiyo huyo mtu wa shoto hayupo."

"Hayupo."

"Hakuwahi kuwepo."

"Nimekwambia hayupo, mama. Unataka tumfanyie na matanga?"

"Hapana," mkewe akasema. "Nauliza tu, maana nimelala naye chumba kimoja hii miaka yote, akinitekenya shuka kwa vidole. Angekuwa hayupo ningejua."

Kinyozi alitazama uani, pale nguo zilipokuwa zikivutana na upepo. Kisha akauvua mkanda begani na kumpa binti yake gitaa.

"Toa nyuzi zote," akasema.

Jioni ile yote iliishia kwenye ngazi hiyo. Binti alizifungua nyuzi kwa koleo yake ndogo ya simu na kuzipanga juu ya gazeti, nene mpaka nyembamba. Ilipofika zamu ya kuzirudisha kinyume, wakakwama: juu ya shingo kuna kipande kidogo cheupe chenye mifereji ya kukalia nyuzi, na mfereji wa uzi mwembamba haukutaka kuupokea uzi mnene. Ulipanda juu na kuruka kila ulipokazwa. Binti akasema kipelekwe kwa fundi. Kinyozi akasema fundi ni nani basi, akaingia ndani, akatoka na jiwe lake la kunolea na kijitupa chembamba cha kusafishia meno ya mashine. Akauchonga mfereji taratibu, akipuliza vumbi jeupe, akiujaribu uzi, akichonga tena, kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kidogo. Mkewe alimshikia taa ya simu. Uzi mnene ulipokaa mahali pake bila kuruka, alivuta pumzi kama aliyeshusha mzigo.

Hakulipiga usiku ule. Alilisimamisha ukutani, upande wake wa kitanda.

Kesho yake asubuhi alifungua duka kabla ya jirani yeyote. Alifagia, ingawa palikuwa pameshafagiliwa. Akachomeka gitaa kwenye spika ndogo ya redio ya dukani, ile yenye tundu la maikrofoni, akaipunguza sauti, akakaa pembeni kabisa mwa benchi, mahali pale pale, na kuinua macho.

Kwenye kioo alikuwa amekaa mtu wa mkono wa kulia. Amelishika gitaa vizuri, kama mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake. Kinyozi alimtazama, na yule akamtazama.

Akainuka. Akakizungusha kiti cha wateja mpaka kikaupa kioo mgongo, akakaa juu yake, yeye ambaye hajawahi kukaa hapo, akiwa ameelekea benchi na mlango. Akatafuta sauti ya kwanza. Aliikosa, akaikosa tena, kitufe kikamkwaruza mkono, akaikosa. Vidole vya kulia vilikuwa vizito shingoni kama vya mtu aliyevaa glavu. Halafu akaipata, ile ya chini kabisa, ikatoka kwenye spika ikiwa mbichi na nene kuliko alivyoikumbuka. Akaipiga mara nyingi. Akaenda kutafuta ya pili.

Fundi viatu alisimama mlangoni na ndevu zake, akafungua mdomo aseme neno kuhusu waliofungiwa jana. Akatazama kiti kilichogeuka, na mkono uliokuwa kwenye nyuzi. Akaingia kimya, akakaa kwenye benchi.

"Karibu kitini," kinyozi akasema, akianza kuinuka.

"Kaa," akasema fundi viatu. "Sina haraka."

Kinyozi akakaa, akarudi kwenye sauti ya kwanza.